Kubadilisha Fyuzi ya Amplifaya: Ifanye kwa Usalama, Isikilize kwa Haki

Waketishe watu wawili kwenye kochi moja mbele ya mtambo mmoja wa muziki, badilisha fyuzi ya amplifaya, kisha waulize wamesikia nini. Mmoja atakwambia besi imekaza na mwimbaji amesogea mbele. Wa pili atasema hakuna kilichobadilika. Nimewahi kukaa upande wa kwanza, nikahamia wa pili, na nimejifunza kwamba mara nyingi wote wawili wanasema kweli kuhusu walichosikia. Tabu ni kwamba fyuzi ilipobadilishwa, mambo mengine kadhaa yalibadilika pamoja nayo bila mtu kuyatazama. Mwongozo huu unakusaidia kuyatenganisha, ili ukisema umesikia tofauti ujue imetoka wapi, na ili kazi yenyewe isigeuke chanzo cha moto.

Kwanza, jua fyuzi yako imekaa wapi

Fyuzi ni kipande cha waya mwembamba kilichowekwa kife kabla ya kitu kingine chochote kufa. Mkondo ukizidi, waya huo hupata joto, huyeyuka na kukata njia. Kazi yake haina zaidi ya hapo, ila mahali inapoifanyia hutofautiana, na mahali hapo ndipo panapoamua kama ina nafasi yoyote ya kugusa sauti.

Fyuzi ambayo watu hubadilisha sana ni ile ya umeme mkuu, inayokaa kati ya soketi ya nyuma na transfoma. Hii haipitishi muziki. Inapitisha umeme wa Hz 50 au 60 (mizunguko kwa sekunde), ambao baadaye hushushwa na transfoma, hunyooshwa na rektifaya, na kuhifadhiwa kwenye kapasita kubwa. Muziki wako unachota kutoka kwenye kapasita hizo.

Tufanye hesabu kidogo. Fyuzi ya ampea tatu hivi ina ukinzani wa miliomu makumi machache. Tuseme omu 0.05. Amplifaya ikivuta ampea 2, fyuzi inakula volti 0.1 kati ya 230, yaani asilimia 0.04. Rektifaya huvuta mkondo kwa mikupuo mikali, kwa hiyo chukua hata ampea 10 kwenye kilele: ni nusu volti tu. Sasa linganisha na waya wa ukutani. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ukienda mita 20 na kurudi mita 20, una ukinzani wa karibu omu 0.28, zaidi ya mara tano ya fyuzi. Na volteji ya nyumbani yenyewe hupanda na kushuka kwa volti kadhaa kadiri majirani wanavyowasha na kuzima vyombo vyao. Anayedai kwamba fyuzi ya umeme mkuu inageuza sauti anadai jambo gumu. Si kosa kulidai, lakini linahitaji ushahidi unaolingana na ugumu wake.

Fyuzi iliyo kwenye njia ya spika ni habari nyingine kabisa, na wanaobeza mjadala wote huwa wanaisahau. Hapo muziki wenyewe unapita ndani ya waya ule mwembamba. Besi nzito ikija, waya unapata joto na ukinzani unapanda; wimbi likishuka, unapoa na ukinzani unashuka. Kwenye Hz 20 waya una muda wa kutosha kupata joto na kupoa kwa kila nusu ya wimbi, kwa hiyo ukinzani unacheza pamoja na muziki na kuongeza harmoniki ya tatu, yaani mlio wenye Hz mara tatu ya ule wa awali, ambayo haikuwamo kwenye rekodi. Jambo hili hupimika kwa vifaa. Baadhi ya wabunifu waliingiza fyuzi hiyo ndani ya mzunguko wa mrejesho ili amplifaya ijisahihishe, na wengine wakaiondoa na kuweka relei ya ulinzi, swichi inayokata njia yenyewe. Ukiwa na amplifaya ya zamani yenye fyuzi za spika, una sababu ya kweli ya kujali hali yake na usafi wa vishikio vyake.

Kuna pia fyuzi za ndani, baada ya rektifaya, kwenye njia za umeme wa DC, usiogeuka mwelekeo. Hizo mwachie fundi.

Hatua ya 1: Soma maandishi

Anza na kibandiko kilicho karibu na tundu la fyuzi, au kitabu cha mtambo. Usianze na fyuzi yenyewe, maana aliyekutangulia huenda aliweka aliyoipata mkononi siku ile. Utakuta kitu kama T3.15AL250V. Tukivunjevunje.

T ni fyuzi ya kuchelewa. Transfoma kubwa ya duara huweza kuvuta ampea makumi kwa kitambo kifupi sana unapowasha, na fyuzi ya T huvumilia mkupuo huo. F ni ya haraka; ukiiweka mahali pa T itakatika siku ya kwanza. Ukiweka T mahali pa F, kitu kilichopaswa kulindwa kinaweza kuungua kabla fyuzi haijastuka.

3.15A ni kiwango cha mkondo. Hapa pana mtego ambao hata mafundi huuangukia. Kiwango cha kimataifa cha IEC na kile cha Marekani cha UL havihesabu namna moja. Fyuzi ya IEC ya ampea 4 inatakiwa ibebe ampea 6 kwa saa nzima bila kukatika. Ya UL yenye namba hiyohiyo inatakiwa ikatike ndani ya saa moja kwenye ampea 5.4. Namba zinafanana, tabia hazifanani. Fuata kiwango alichokitumia mtengenezaji wa amplifaya.

L ni uwezo mdogo wa kukata: ampea 35 au mara kumi ya kiwango chake, chochote kilicho kikubwa. H ni uwezo mkubwa, ampea 1500, na kwa kawaida ni fyuzi ya kauri iliyojazwa mchanga wa kuzima cheche. Unaweza kuweka H palipoandikwa L. Kamwe usiweke L palipoandikwa H, kwa sababu hitilafu kubwa ikitokea, cheche inaweza kuendelea kuwaka ndani ya kioo baada ya waya kuyeyuka.

Volti 250 ni kikomo cha juu. Fyuzi yenye volteji kubwa zaidi inafaa. Yenye ndogo haifai.

Mwisho pima urefu. Nyingi ni milimita 5 kwa 20, nyingine ni 6.3 kwa 32. Plagi za mtindo wa Uingereza zina fyuzi yao ndani, ya BS 1362, urefu milimita 25.4, ambayo haibadilishani na hizo mbili.

Hatua ya 2: Zima, chomoa, ngoja

Swichi peke yake haitoshi; chomoa plagi ukutani. Kapasita hubaki na umeme baada ya kuchomoa. Kwenye amplifaya ya valvu unaweza kuwa volti 300 hadi 500, kiasi cha kuua. Kama fyuzi iko kwenye kidroo kando ya soketi ya nyuma au chini ya kofia ya kuzungusha, huna haja ya kufungua boksi, na kusubiri dakika chache kunatosha. Kama lazima ufungue boksi, au fyuzi imelehemiwa kwenye bodi, ishia hapo umwite fundi. Angalia pia masharti ya dhamana kabla hujagusa skrubu yoyote.

Hatua ya 3: Rudisha fyuzi ileile

Ukiruka hatua nyingine zote, hii usiiruke.

Kabla ya kununua chochote, sikiliza nyimbo tatu unazozijua vizuri. Zima, chomoa, toa fyuzi iliyomo, itazame, kisha irudishe ileile. Washa na usikilize tena.

Sababu ni hii. Vishikio vya fyuzi hupata kutu nyembamba na vumbi kwa miaka. Unapotoa fyuzi na kuingiza nyingine, unavisugua. Mguso unakuwa msafi, na kama mguso wa zamani ulikuwa mbaya kweli, amplifaya inaweza kufanya kazi vizuri zaidi, iwe fyuzi mpya ni ya dhahabu au ya bati. Papo hapo umezima mtambo na kuuwasha, umeondoka kwenye kiti na kurudi, masikio yamepumzika, na umerudi na hamu ya kusikia kitu kipya.

Mara ya kwanza nilipofanya hivi nilisikia vinanda vya nyuma vikiwa wazi zaidi, na fyuzi ilikuwa ileile iliyokaa humo miaka yote. Tangu siku hiyo simbishii mtu anayesema amesikia kitu. Namuuliza tu kama aliwahi kuirudisha ya zamani akasikiliza.

Kama vishikio vina rangi nyeusi au ya kijani, visafishe kwa dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme na uviache vikauke kabisa. Vikiwa vimelegea, mwambie fundi avibadilishe. Mguso uliolegea hupata joto.

Hatua ya 4: Chagua fyuzi mpya

Iwe na herufi, ampea, volti na urefu uleule, kwa masharti ya Hatua ya 1. Fyuzi za wapenda sauti huja na kofia za dhahabu, rhodiamu au fedha, na nyingine zimejazwa vitu vya kupunguza mtetemo. Yote hayo ni juu yako. Lisilo juu yako ni usalama: tafuta alama ya taasisi ya upimaji kama VDE au UL kwenye kofia au kwenye karatasi za bidhaa. Fyuzi isiyo na alama yoyote hujui itakatika kwenye ampea ngapi, na huwezi kujua bila kuiunguza.

Utasikia ushauri kwamba upandishe kiwango hatua moja au mbili ili amplifaya "ipumue". Usiufuate. Fyuzi kubwa ni kweli ina ukinzani mdogo, lakini umeshaona hesabu ya ukinzani huo, na unachokitoa badala yake ni ulinzi wa transfoma na wa nyumba. Vilevile usiweke kipande cha shaba mahali pa fyuzi, hata kwa majaribio ya dakika moja.

Nunua pia fyuzi mbili mpya za kawaida, zenye sifa zilezile. Utazihitaji katika kulinganisha, na moja itabaki ya akiba.

Hatua ya 5: Ifunge

Ishike katikati, isukume mpaka ikae sawa, funga kidroo au kofia. Basi.

Kuhusu mwelekeo: baadhi ya fyuzi zina mshale. Kwenye umeme mkuu wa Hz 50 mkondo hugeuka upande mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo hakuna "mbele" ya kuelekea. Ukisikia tofauti ulipoigeuza, kumbuka kwamba kuigeuza ni kuisugua tena kwenye vishikio. Itoe, uirudishe upande uleule, usikilize, ndipo uamue.

Hatua ya 6: Sikiliza kwa haki

Kumbukumbu yetu ya vitu vidogo vya sauti ni fupi, sekunde chache tu. Kubadilisha fyuzi kunachukua dakika. Kwa sababu hiyo fyuzi ni miongoni mwa vitu vigumu zaidi kulinganisha kwenye mtambo wa nyumbani, kuliko nyaya, kuliko hata amplifaya mbili. Lazima ufidie ugumu huo kwa utaratibu.

Ukubwa wa sauti kwanza. Sauti iliyopanda nusu desibeli haisikiki kama imepanda. Husikika kama imekuwa nzuri. Usiguse kitufe cha sauti kati ya majaribio. Jihadhari na amplifaya zenye kitufe cha sauti cha kielektroniki, ambazo zikizimwa hurudi kwenye kiwango chao cha kuanzia. Ili kuhakikisha, piga mlio wa Hz 100 na upime volti kwenye vituo vya spika, pale nyaya za spika zinapofungwa, kwa maltimita ya kawaida; nyingi husoma vizuri kati ya Hz 50 na 400. Ukipata volti 2.83 kwa fyuzi ya kwanza, ya pili isizidi 2.86 wala isipungue 2.80. Huo ni wigo wa desibeli 0.1 hivi.

Pili, joto. Amplifaya iliyotoka kuzimwa haiko sawa na iliyowaka saa nzima. Ipe muda uleule kila mara, mathalani dakika 20, au zote uzisikilize baada ya dakika mbili. Usichanganye.

Kisha macho. Mwaka 1994 watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive walichapisha jaribio la wasikilizaji 40 wa kampuni ya Harman waliopewa spika kuzipa alama, mara wakiziona, mara zikiwa zimefichwa. Alama zilibadilika sana kati ya hali hizo mbili, na uzoefu haukumkinga mtu. Ikiwa macho yanaweza kufanya hivyo kwa spika, ambazo kweli hutofautiana, kwa fyuzi yatafanya zaidi.

Kwa hiyo tafuta msaidizi. Wewe toka chumbani. Yeye arushe sarafu: kichwa ni fyuzi ya kawaida, mkia ni ile mpya. Kila mara afungue, atoe fyuzi na kuingiza, hata kama sarafu imeangukia ileile iliyokuwamo, ili muda na usuguaji viwe sawa. Aandike, aondoke kabla hujaingia, uso wake usikupe jibu. Ingia, sikiliza kipande kilekile, andika unachodhani. Fanyeni mara 16, mkizigawa kwa siku kadhaa, kwani masikio huchoka kabla ya mwili. Ukipatia 12 au zaidi, nafasi ya kwamba ulibahatisha ni chini ya 4 katika 100, na mimi nitakusikiliza kwa makini. Ukipatia 8 au 9, ndivyo sarafu yenyewe ingepatia.

Asiye na msaidizi, au anayetaka kulikwepa tatizo la kumbukumbu, arekodi. Chukua kinachotoka kwenye amplifaya kwa kifaa cha kurekodia, kwanza na fyuzi ya kawaida, tena na fyuzi ileile ya kawaida, halafu na mpya. Rekodi mbili za mwanzo ndizo kipimo chako: zinaonyesha mtambo hutofautiana kiasi gani wenyewe kwa wenyewe bila kuguswa. Programu ya bure ya DeltaWave itazipanga na kutoa moja kutoka kwa nyingine, ikuachie mabaki. Kama mabaki ya "kawaida na mpya" hayazidi ya "kawaida na kawaida", fyuzi haijaongeza kitu. Kwa kusikiliza, programu ya foobar2000 ina kijalizo cha ABX kinachokubadilishia rekodi kwa kubofya, papo hapo: unasikia A, B na X, kisha unakisia X ni ipi kati ya hizo mbili. Mbinu ya ABX si ya juzi. Munson na Gardner wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, waliieleza mwaka 1950.

Onyo moja kabla hujaunganisha waya: volti za spika ni kubwa mno kwa kifaa cha kurekodia. Zipunguzwe kwa rezista, na kwenye amplifaya za daraja (bridge), ambazo vituo vyote viwili vya spika hubeba sauti, kituo cheusi si ardhi, kwa hiyo ukikiunganisha na ardhi ya kifaa unaweza kuunguza vyote viwili. Kama maneno haya ni mageni kwako, tafuta fundi akutengenezee kipunguzio.

Hatua ya 7: Ukitaka namba, pima ukinzani

Maltimita ya kawaida haiwezi kupima miliomu, kwa sababu nyaya zake zenyewe zina ukinzani mkubwa kuliko fyuzi. Fyuzi ikiwa nje ya amplifaya, ipitishie mkondo wa DC wa ampea 1 kutoka kwenye chanzo cha volti chache chenye kikomo cha mkondo, kisha pima milivolti kwenye kofia zake mbili. Milivolti 50 ni miliomu 50. Linganisha zote. Usijaribu kipimo hiki kwenye umeme mkuu.

Hatua ya 8: Soma matokeo, na uwaache wengine wasome yao

Mgawanyiko huu ni wa zamani kuliko fyuzi za dhahabu. J. Gordon Holt alianzisha jarida la Stereophile mwaka 1962 akishikilia kwamba vifaa lazima vihukumiwe kwa kusikilizwa, wakati mhakiki wa vifaa vya sauti Julian Hirsch alijulikana kwa kuvipima maabarani na kuamini vipimo. Wengi hawajui kwamba mwaka 2007 Holt mwenyewe alilalamika kuwa ulimwengu wa sauti za hali ya juu ulijivunjia heshima ulipokataa majaribio ya kusikiliza bila kujua. Aliyefungua mlango wa masikio alitaka masikio hayo yapimwe, na nadhani alikuwa na haki.

Ukishindwa kuitambua fyuzi mpya, hujathibitisha kwamba hakuna atakayeitambua kwenye mtambo wowote. Umejua kwamba kwako, chumbani kwako, haina kazi ya ziada. Ukiitambua, usikimbilie sifa za madini: kagua kwanza kama fyuzi ya zamani ilikuwa imechoka, kishikio kimelegea, au iko kwenye njia ya spika. Hayo yana maelezo ya wazi, na fyuzi mpya ya kawaida ingetatua vilevile. Ijaribu.

Ikiwa sauti bado haikuridhishi, geukia chumba. Kuta zilizoachana mita 5 hutengeneza mvumo kwenye Hz 34, na mita 4 kwenye Hz 43, nao huweza kuvimbisha noti moja ya besi kwa desibeli 10 au zaidi. Spika iliyo mita 1 mbele ya ukuta hupoteza nguvu karibu na Hz 86. Isogeze hadi sentimita 60 na shimo linahamia Hz 143 hivi. Sogeza spika sentimita 20, sogeza kiti sentimita 30, sikiliza. Hapa hutahitaji kurusha sarafu.

Kabla ya kurudisha amplifaya kwenye rafu, andika kiwango cha fyuzi kwenye kibandiko kipya nyuma yake, na uweke ile ya zamani kwenye bahasha pamoja na ya akiba. Siku ikikatika, weka moja yenye sifa zilezile. Ikikatika tena mara tu unapowasha, usiweke ya tatu: chomoa, peleka amplifaya kwa fundi, kwa maana kuna kitu ndani kinachovuta mkondo ambao hakikupaswa kuuvuta.